Jinsi ya kuhesabu watu wa kijiji chenu na kupima barabara yenu, ndio ombi lisikike

Mara ya kwanza tulipeleka barua ya barabara ofisini, karatasi mbili nzima, tumeandika barabara yetu ni mbaya sana, watu wanateseka, tunaomba mtuangalie, na sahihi za wazee zimejaa chini. Ofisa akaisoma yote kwa heshima kabisa, alafu akauliza, mko wangapi huko? Mwenyekiti wetu wa LC1, yani baraza la kijiji, akasema 500. Katibu akasema hapana, sisi tunazidi 1,000. Mama wa VHT, timu ya afya ya kijiji, tuliyeenda naye akasema kwa daftari lake la vyandarua ni 600 na kitu. Watu watatu wa kijiji kimoja na namba tatu. Akauliza tena, na hiyo barabara inafungwa siku ngapi kwa mwaka? Hapo tukanyamaza kabisa. Barua ikaingia kwa faili, sisi tukapanda boda tukarudi nyumbani.

Tangu siku hiyo nimejifunza hii kazi kidogo kidogo na nimesaidia vijiji vingine viwili vya jirani kuifanya, so naandika hapa vile inafanywa, kwa sababu najua kuna watu wengi wako na barua kama ile yetu ya kwanza na wanashangaa mbona hakuna anayejibu. Haihitaji pesa nyingi. Inahitaji daftari moja kubwa, baiskeli, simu yenye GPS kama ipo, watu wanne watano wenye moyo, na uvumilivu wa msimu mmoja wa mvua.

Sisi tuko Busia upande wa Uganda, huku kuelekea Majanji kwa ziwa. Hapa ndipo neno bodaboda lilipotokea, miaka ya 1960 na 1970 vijana wa baiskeli walikuwa wanabeba watu na mizigo kutoka boda ya Kenya, yani kituo cha mpakani, mpaka boda ya Uganda, wanaita boda, boda, leo dunia nzima inajua hilo jina. Na lami tunayo pia, ile ya kutoka Musita kupitia Mayuge na Lumino. Lakini mwezi wa 4 kuna nyumba kwetu ambazo hakuna boda inayokubali kwenda hata umuongezee pesa, maana kati ya lami na hizo nyumba kuna bwawa la mafunjo na kipande cha udongo mweusi unaonata kama ugali. Kwenye ramani tuko karibu na lami. Kwa miguu wakati wa mvua tuko mbali sana, na hiyo tofauti ndio kitu unatakiwa uipime na uiandike.

Kuhesabu watu

Anza na namba ambazo tayari zipo. UBOS, ofisi ya takwimu ya taifa, ilifanya sensa mwaka 2014 Uganda ikawa na watu milioni 34.6, ikafanya tena mwezi wa 5 mwaka 2024 wakapata milioni 45.9. Yani miaka kumi tumeongezeka zaidi ya milioni 11. Nasema hivi ili ujue kwamba ukitumia karatasi ya zamani uliyopata kwa ofisi ya parishi, yani ya vijiji kadhaa pamoja, unaweza kuwa unapunguza watu wako bila kujua. Enda kwa ofisa wa mipango wa wilaya umuombe namba za sensa za parishi yenu, uziandike ukurasa wa kwanza. Hizo ni namba ambazo ofisi inaziamini, na zenu zikitofautiana nazo sana utaulizwa kwa nini, ni vizuri uwe na jibu mapema.

Alafu kusanya madaftari ya kijijini. Mwenyekiti wa LC1 huwa na kitabu cha wakaaji, VHT ana rejista ya nyumba, na tangu PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, ianze mwaka 2022 chifu wa parishi naye ana orodha yake. Hakuna daftari moja kati ya hayo linalokuwa kamili, nimeona mwenyewe, moja linaacha wapangaji, lingine linaacha wazee wanaoishi peke yao, lingine bado lina watu walioshazikwa. Usichague moja ukasema hili ndio sahihi. Yaweke pamoja utengeneze orodha ya nyumba tu, ndio ikuongoze unapotembea.

Kisha mtembee nyumba kwa nyumba, hakuna njia ya mkato hapa. Kabla hamjaanza, mwenyekiti aitishe mkutano wa kijiji aeleze wazi kwamba hii ni hesabu ya kuomba barabara. Watu wa kwetu wakiona mtu na daftari wanafikiria kodi, au shamba linataka kuchukuliwa, au kuna pesa za PDM zinagawiwa, kwa hiyo mmoja anapunguza watoto na mwingine anaongeza. Sema pia mapema kwamba pesa ya PDM ni ya mitaji ya nyumba kupitia SACCO, haina uhusiano na hii kazi, hakuna mtu atapewa mkopo kwa sababu amehesabiwa. Tulipolisema hilo mara tatu mbele ya watu wote, ndipo majibu yakanyooka.

Kitu kinachoharibu hesabu zaidi ni kutokubaliana nyumba ni nini. Boma la mzee mmoja linaweza kuwa na wake wawili, mtoto wa kiume aliyeoa, na shangazi aliyerudi. Hiyo ni nyumba moja ama nne? Sisi tunatumia chungu, wanaokula chungu kimoja na kulala hapo ndio nyumba moja, chungu kingine nyumba nyingine. Ukimaliza gawanya watu kwa nyumba uone. Sensa ya 2014 ilipata wastani wa nchi nzima watu 4.7 kwa nyumba, kwa hiyo kama nyinyi mmepata 11 jua mumehesabu maboma, na mkipata 2 kuna watoto wameachwa.

Na watoto uwaulize kwa adabu. Kwetu wazee wengi hawapendi mtoto ahesabiwe kwa kidole, wanaona ni kumuitia balaa, na hakuna haja ya kubishana nao. Mama wa VHT wetu alikuwa anauliza hivi, mama, jioni unapakua sahani ngapi? Kisha, na ndogo ni ngapi kati ya hizo? Unapata namba na mtu hajakasirika. Usiandike majina ya watoto, usiandike namba za kitambulisho wala za simu, hizo hazisaidii barabara na zikianguka mikononi mwa mtu mbaya umeleta shida nyumbani kwa watu. Ipe kila nyumba namba tu, iandike kwa chaki mlangoni.

Safu za daftari ziwe chache. Watu wote wanaoishi hapo kwa kawaida, yani wamekaa zaidi ya miezi sita kwa mwaka huu. Walio chini ya miaka 5. Wanaoenda shule. Wajawazito. Wenye miaka 60 na zaidi. Mtu asiyeweza kutembea vizuri, awe mgonjwa au mlemavu. Alafu safu moja ya walio mbali, maana huku wanaume wengi wako ziwani, wengine wanafanya kazi Kenya, watoto wengine wako bweni, ukiwachanganya na waliopo namba inavimba na ofisa atagundua haraka. Mara ya kwanza tulikuwa na safu 19, tukaulizia mpaka kuku na choo, watu wakachoka na sisi tukachoka, karatasi nyingi hazikujazwa mpaka mwisho. Sita saba zinatosha.

Kupima njia

Hapa ndio mimi napenda zaidi. Chukua baiskeli ya kawaida, ile ya saizi 28 ya kubebea mizigo, funga kitambaa chekundu kwa spoku ya gurudumu la mbele. Weka alama ya chaki kwa tairi na chini, sukuma baiskeli gurudumu lizunguke mara kumi, pima hapo kwa tepu ya fundi, gawa kwa kumi. Nyingi zinatoa kama mita 2.2 kwa mzunguko, lakini pima yako, tairi lililochoka na lisilo na upepo linabadilisha. Sasa sukuma kutoka kwenye lami kuingia kijijini, mtu mmoja anahesabu kitambaa kikipita juu, mwingine anaandika kila mizunguko 100. Kama una simu ya kisasa weka OsmAnd, programu ya ramani, inafanya kazi bila bando ukishapakua ramani, irekodi njia yenu nzima. Fanyeni vyote viwili, simu ikizima katikati baiskeli bado inahesabu, na vijana wanapenda simu lakini wazee wanaamini baiskeli.

Kila mnapopita kitu kinachosimamisha mtu, simama uandike. Daraja la magogo. Kalvati iliyoziba. Mahali maji yanavuka barabara. Mteremko ambapo boda zinateleza. Korongo lililokula nusu ya njia. Kwa kila moja andika iko mita ngapi kutoka lami, alafu andika inamzuia nani, gari, boda, baiskeli, ama hata mtu wa miguu. Ni vitu tofauti kabisa. Mahali panapozuia lori panaharibu bei ya mahindi, mahali panapozuia boda ndipo pana hatari kwa mama mjamzito, na mahali panapozuia miguu watoto hawaendi shule. Ukiandika tu "pabaya" umefunika hayo yote matatu.

Kwa kila bwawa na mto, tafuta mzee anayeishi karibu akuonyeshe maji hufika wapi mwaka mbaya. Chomeka fimbo, pima urefu kutoka chini mpaka hapo. Injinia atakuja kuuliza hiyo, ndio inamwambia kalvati ziwe kubwa kiasi gani na ziwe ngapi. Nimeona mahali waliweka kalvati ndogo moja kwenye bwawa kubwa, mvua ya kwanza maji yakaona haitoshi yakapita pembeni yakabeba udongo wote, kalvati ikabaki imekaa peke yake katikati ya maji kama mtungi.

Alafu nendeni kwa steji ya boda. Hakuna mtu anayeijua barabara kama hao vijana, wanajua kila shimo na wanajua siku ipi wanakataa kwenda. Waulize nauli ya kiangazi na nauli ya mvua mpaka katikati ya kijiji, andika zote mbili, na uandike mwezi ambao nauli inabadilika. Waulize wanasimamia wapi wakishindwa kuendelea, maana hapo ndipo abiria anashuka anaanza kutembea, na mara nyingi ni mahali pale pale kila mwaka.

Siku za kufungwa zisikisiwe. Chukua kalenda ya ukutani, umpe mtu anayekaa karibu na pale pabaya zaidi, kwetu ni mama mmoja anauza mandazi karibu na bwawa, kila jioni aweke alama, G kama gari halikupita leo, B kama hata boda haikupita. Afanye hivyo mwezi wa 3 mpaka wa 5, na tena wa 9 mpaka wa 11, ndio misimu yetu miwili. Ni kazi ya sekunde tano kwa siku lakini ukija kuibeba hiyo kalenda mbele ya watu wa ofisi, na alama zake za kalamu na madoa ya mafuta, hakuna anayebishana nayo.

Nani anafikia barabara na nani hafikii

Kuna kipimo kinachotumika dunia nzima, Benki ya Dunia walikieleza mwaka 2006 na sasa kiko ndani ya malengo ya maendeleo ya Umoja wa Mataifa. Kinauliza, kati ya watu wa vijijini, ni wangapi wanaishi ndani ya kilomita 2 kutoka barabara inayopitika mwaka mzima? Kilomita 2 walichagua kwa sababu ni kama dakika 20 mpaka 25 za kutembea. Na kupitika mwaka mzima hakumaanishi lami, barabara ya maramu, yani udongo wa changarawe, iliyotunzwa inahesabika, hata ikifungwa muda mfupi wakati wa mvua kubwa. Lakini ile inayofungwa wiki nzima nzima haihesabiki hata ikiwa pana.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Mtu wa ofisini mara nyingi anapima kwa ramani, anachora ukanda wa kilomita 2 kila upande wa barabara, nyumba zote zilizo ndani anasema hawa wamefikiwa. Ukanda hauoni bwawa. Haujui kwamba huo mstari wa barabara ya kijiji ulioko kwa ramani umekatika. Kwa hiyo hesabu yenu mfanye kwa njia ya miguu.

Nikupe mfano. Tuseme kijiji kina nyumba 142 na watu 731, barabara ya kijiji inatoka lami inaingia ndani kilomita 6.3. Bwawa linaikata kwenye kilomita ya 1.8. Upande wa huku wa bwawa kuna nyumba 31 zenye watu 158, zote ziko ndani ya kilomita 2 kutoka lami, hao sawa. Ng'ambo kuna nyumba 111 zenye watu 573. Ramani itasema kijiji chote kimefikiwa, maana mstari wa barabara unapita katikati yao. Lakini bwawa likijaa watu 573 kati ya 731 hawana barabara, ni kama watu 78 kwa kila 100. Hiyo 78 ndio namba ya kuweka juu kabisa kwenye barua yenu. Na angalia jambo lingine, hawa 573 hawahitaji kilomita 6.3 zote zitengenezwe ndio watoke, wanahitaji kwanza mahali pamoja kwenye kilomita ya 1.8.

Ukishapata hiyo, pima na muda. Na usipime kwa kijana wa mpira anayetembea mbio mbio. Tembea na mama aliyebeba mtoto mgongoni, tembea na mzee wa fimbo, upime siku kavu na upime tena siku ya mvua mkizunguka kwa njia ya juu. Mdogo wangu wa kike alishikwa na uchungu usiku wa mwezi wa 5, boda ikagoma kwenye bwawa, tukampakia kwa baiskeli vijana wanne wanaishikilia, maji ya magoti, giza, na kituo cha afya ukikitazama kwa ramani hakizidi kilomita 5. Tulifika kumekucha. Mtoto alikuwa ameshazaliwa njiani, mzima, namshukuru Mungu mpaka leo, lakini mama yake alivuja damu sana na alikaa wodini wiki mbili. Serikali ikipanga inasema mtu awe ndani ya kilomita 5 kutoka kituo cha afya, na sisi tulikuwa ndani. Ndio maana nasema pima saa pia, uandike saa za usiku kando na za mchana.

Mambo mengine ya kuandika ni mepesi. Muulize hedimasta rejista inaonyesha nini wiki za mvua kubwa, wengi watakuonyesha bila shida. Waulize wanunuzi wa mahindi na mihogo wanalipa ngapi kwa gunia pale kando ya lami na wanalipa ngapi ng'ambo ya bwawa, siku moja, gunia la uzito mmoja. Ile tofauti mkulima anaibeba peke yake kila msimu.

Siku moja kaeni chini ya mti mchore kijiji kwenye vumbi. Majivu ni barabara, maharagwe ni nyumba, majani ni bwawa, vijiti ni madaraja. Wanawake wachore yao kando na wanaume, naomba msiruke hii. Kwetu wanaume walichora barabara ya kwenda sokoni na steji, wanawake wakachora njia ya kisima, ya kinu na ya kliniki, na njia ya kliniki ndio ilikuwa imekatika vibaya zaidi na hakuna mwanaume aliyeitaja. Piga picha kabla kuku hawajala maharagwe, alafu mmoja aihamishe kwa karatasi.

Kuandika na kupeleka

Kabla hujaandika jina la ofisi juu ya barua, jua barabara yenu ni ya nani. Zipo za taifa, hizo ziko chini ya Wizara ya Kazi na Uchukuzi, zamani ilikuwa UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, lakini ilirudishwa wizarani mwishoni mwa 2024. Zipo za wilaya. Zipo za mji. Na zile za kijiji kwa kijiji ni kazi ya sabukaunti, yani ngazi iliyo juu ya parishi. Watu wengi wanapoteza mwaka mzima kwa kupeleka barua ya barabara ya kijiji kwa mbunge au wizarani. Enda sabukaunti uulize, barabara yetu iko kwa orodha? Kama haiko kwa orodha yoyote haiwezi kupangiwa pesa ya matengenezo, kwa hiyo ombi lenu la kwanza liwe kuiingiza kwenye orodha, na ile rekodi ya OsmAnd na mizunguko ya baiskeli ndio mtawapa.

Barua iwe ukurasa mmoja. Mstari wa kwanza, watu wangapi na wangapi kati yao wanakatwa na maji. Wa pili, siku ngapi za G na siku ngapi za B. Alafu mahali penyewe, mita ngapi kutoka lami, maji yanapanda kiasi gani. Alafu mnachoomba. Ambatisha muhtasari wa mkutano wa kijiji wenye sahihi na muhuri wa LC1, ramani, na jedwali la daftari. Maneno ya kulia lia yaache, si kwamba hayana ukweli, ila yule anayegawa bajeti ana barua 30 zinazolia na pesa ya mahali patatu.

Kwenye kuomba, ombeni kidogo na muombe sawasawa. Watu wanapenda kuomba greda ipite. Greda ikipita bila mitaro ya pembeni na bila kalvati, barabara inapendeza mwezi mmoja, mvua ikija maji yanakaa katikati na mnarudi pale pale, pengine pabaya zaidi maana greda imeishusha barabara chini ya mashamba. Ombeni mahali pabaya zaidi patengenezwe kwanza, kalvati na kuinua udongo kwenye bwawa, alafu mitaro, greda mwisho. Saizi ya kalvati muachie injinia. Na bwawa lina sheria za mazingira, msiende wenyewe kumwaga udongo kuziba, mtazuia maji yafurike mpunga wa jirani na mtaingia kesi badala ya kupata barabara.

Semeni pia nyinyi mtaleta nini. Sisi tuliandika kwamba kijiji kitafyeka pembeni na kuzibua mitaro mara mbili kwa mwaka, na kwamba mzee mmoja anakubali maramu ichimbwe kwenye kilima chake. Huo mkubaliano wa mzee tuliuandika na wanawe wote wakasaini, na waliotoa futi chache za shamba ili njia ipanuke nao wakasaini. Kijiji cha jirani walikubaliana kwa mdomo tu, mashine ilipofika mtoto mmoja akatoka Kampala akasimama mbele yake akasema hili shamba ni langu pia. Mashine ikageuka.

Wakati nao ni muhimu. Mwaka wa serikali unaanza tarehe 1 mwezi wa 7, lakini mipango ya chini inafanywa mapema sana, mikutano ya bajeti ya wilaya huwa kama mwezi wa 10 na 11. Ukileta barua mwezi wa 6 umeshachelewa. Hesabu ya watu ifanyike mwezi wa 1 au 2 njia zikiwa kavu, kalenda ya mvua mwezi wa 3 mpaka wa 5, mwezi wa 7 mkae muandike, mwezi wa 8 barua iwe kwa chifu wa parishi, kwa chifu wa sabukaunti, kwa diwani wenu wa LC3, yani baraza la sabukaunti, na nakala kwa injinia wa wilaya. Diwani mkalishe chini mumueleze kila namba, maana yeye ndiye atasimama kwenye baraza, akiulizwa mko wangapi asije akafanya kama tulivyofanya sisi. Na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila huo muhuri, ukirudi baada ya miezi mitatu utaambiwa barua haijawahi kuonekana na huna la kusema.

Baada ya hapo ni kufuatilia bila kugombana. Kila robo mwaka mmoja wenu apite sabukaunti asome bango la matangazo, pesa za barabara zikitoka huwa zinabandikwa. Aulize kwa upole, ombi letu limefika wapi. Sisi ilituchukua misimu miwili ya bajeti. Tulipata mistari miwili ya kalvati na udongo wa kuinua pale kwenye bwawa, hatukupata kilomita zote tulizokuwa tunaota, na mteremko wa mbele bado unateleza, sasa ndio tunauandikia. Lakini boda zinavuka. Mama wa mandazi bado anaweka alama kwenye kalenda kila jioni, mwezi wa 4 uliopita ulipita bila B hata moja.

Daftari tunaweka nakala tatu, moja kwa mwenyekiti, moja kwa VHT, moja kwangu, maana ya kwanza iliwahi kulowa nyumba ya katibu ilipovuja. Tunahesabu upya kila mwezi wa 1 kabla shule hazijafunguliwa, mnaanza asubuhi mapema watu hawajaenda shamba, na kijiji cha nyumba kama 150 watu watano wanamaliza kwa siku tatu. Mkianza, anzeni ng'ambo ya bwawa.